Dripu kuvuja kwa mtoto mchanga: maana yake

Dripu huwa imevuja pale ambapo maji au dawa inayopita kwenye kanula, yaani ule mrija laini wa plastiki uliochomekwa mshipani, haiingii tena ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) bali inamwagika katika nyama zinazoizunguka. Wodini husemwa kwa kifupi kwamba "dripu imetoka", na kauli hiyo hufunika mambo mawili yasiyolingana kwa uzito. Maji ya chumvi ya kawaida yakivuja kidogo huleta uvimbe ambao kwa kawaida hunywea wenyewe, lakini dawa inayounguza, kama vile kalsiamu, dopamini (dawa ya kupandisha shinikizo la damu) au glukosi nzito, huweza kuua ngozi na kuacha kidonda, kisha kovu.

Mtoto mchanga yumo hatarini zaidi kwa sababu vena zake ni nyembamba, harushi mikono kwa mpango, na hawezi kusema kwamba panamuuma. Hulia tu, na kilio cha mtoto kina sababu nyingi. Tena kiasi ambacho mtu mzima asingekihisi chatosha kumvimbisha yeye mkono mzima. Pampu ya dripu nayo isiaminiwe mno, kwani huweza kuendelea kusukuma dawa ndani ya nyama bila kupiga kengele.

Kwa hiyo, wakati dawa inapita, muuguzi hulikagua eneo la kanula kila saa: hulitazama, huligusa na kulilinganisha na upande wa pili. Ngozi iliyo salama hubonyea kwa ulaini na ina joto la mwili, ilhali iliyovujiwa huwa imekaza, inang'aa, imepauka na mara nyingi ni ya baridi. Hayo hayaonekani mkono ukiwa umeviringishwa bendeji hadi kwenye vidole, desturi inayokusudiwa kuilinda kanula lakini huficha madhara. Plasta inayoonyesha ngozi ni bora, na vidole viachwe wazi.

Ikishavuja, dripu husimamishwa mara moja. Kanula haing'olewi papo hapo, kwa kuwa kwanza hujaribiwa kuifyonza dawa iliyobaki kwa bomba la sindano. Kisha mkono huinuliwa na daktari huitwa. Kwa baadhi ya dawa, huchomwa hialuronidasi, yaani kimeng'enya kinacholegeza nyama, kuzunguka eneo hilo ili iliyovuja isambae na kufyonzwa na mwili.

Mama anayempakata mtoto mara nyingi ndiye wa kwanza kuona mkono umenenepa ghafla au nguo imelowa, hivyo aelezwe dalili hizi siku ileile kanula inapowekwa, na aambiwe waziwazi kwamba anaruhusiwa kumwita muuguzi hata usiku wa manane.