Mwaka wa Maandalizi Kati ya Shahada ya Kwanza na Uzamivu katika Utafiti wa Tiba

Nchini Marekani, mhitimu wa shahada ya kwanza ya biolojia au kemia anaweza kuomba nafasi ya uzamivu bila kupitia uzamili, jambo ambalo huenda likaonekana geni kwa msomaji aliyezoea utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania au Kenya. Masomo hayo huchukua takribani miaka mitano hadi sita, na katika fani za biolojia na tiba kwa kawaida mwanafunzi hasumbuliwi na ada, kwani chuo humlipia na kumpa posho ya kujikimu. Kwa kuwa hakuna uzamili unaotangulia, kamati ya udahili hutaka kuona mapema kile ambacho kwingine huonekana katika tasnifu ya uzamili, yaani ushahidi kwamba mwombaji amewahi kufanya utafiti, majaribio yakamkatalia, naye akaendelea.

Programu ya maandalizi baada ya shahada ya kwanza iliundwa kwa ajili ya mhitimu mwenye uwezo ambaye hana ushahidi huo. Ni kipindi cha mwaka mmoja au miwili ambapo mhitimu huingia katika maabara ya chuo kikuu cha utafiti akiwa mwanagenzi anayelipwa, huku akiandaliwa kuomba na kumudu masomo ya uzamivu. Mfano unaojulikana zaidi ni PREP, programu iliyogharamiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na NIGMS, mojawapo ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH. Walengwa walikuwa vijana waliohitimu ndani ya miezi 36 iliyopita, wanaotoka katika makundi yenye uwakilishi mdogo katika sayansi: Wamarekani weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenyeji wa asili wa Amerika na wa visiwa vya Pasifiki, watu wenye ulemavu, pamoja na waliokulia katika ufukara au katika familia ambazo hakuna aliyewahi kupata shahada.

Upungufu wanaokuwa nao wahitimu hawa mara nyingi ni wa saa za kazi maabarani, wala hauhusiani na akili. Mwanafunzi anayesoma katika chuo kidogo kisicho na maabara za utafiti, au anayelazimika kufanya kazi dukani kila jioni na kila likizo ili alipe pango, hamalizi shahada akiwa na saa hizo hata kama alama zake ni nzuri. Utafiti wa maabara hujifunzwa kama useremala: mtu hukaa karibu na fundi, huharibu mbao kadhaa, na baada ya muda mkono huzoea. Kutunza seli zisiingiwe na vimelea, kupanga jaribio lenye kundi linganishi linalofaa, kutambua kwamba matokeo ya kupendeza yametokana na kosa la kupima, haya hayapatikani kwa kusoma kitabu peke yake.

Kwa sababu hiyo, PREP ilitenga takribani robo tatu ya muda wa mshiriki kwa ajili ya mradi wake wa utafiti chini ya msimamizi mmoja. Muda uliobaki ulitumika katika masomo ya ngazi ya juu, takwimu, usomaji wa pamoja wa makala za kisayansi, na uandishi. Maombi ya uzamivu hupelekwa kwa wingi kufikia Desemba, usaili hufanyika katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na tarehe 15 Aprili ndiyo siku ya mwisho inayotambuliwa na vyuo vingi kwa mwombaji kukubali nafasi yenye ufadhili. Mshiriki aliyeanza kazi katikati ya mwaka huwa na miezi michache tu kabla ya kuomba, na katika miezi hiyo msimamizi lazima amfahamu kiasi cha kumwandikia barua ya mapendekezo yenye uzito. Naiona barua hiyo kuwa faida kubwa kuliko zote. Barua inayosema kwamba mwanafunzi alipata alama ya juu darasani haiwezi kulinganishwa na barua ya mtafiti aliyemwona akirudia jaribio lililoshindikana hadi akagundua sababu.

Ipo pia njia ya kuanza mapema zaidi, ndani ya shahada ya kwanza. Programu ya Meyerhoff, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, huwaunganisha wanafunzi na maabara tangu mwanzo wa masomo yao. Mmoja wa wahitimu wake ni Kizzmekia Corbett, mwanasayansi wa kinga za mwili aliyeshiriki kwa karibu katika kubuni chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna alipokuwa NIH. Yeye alikuwa ameshaingia katika maabara ya chuo kikuu tangu akiwa sekondari, kupitia programu ya majira ya joto. Mwaka wa maandalizi humpa mhitimu asiyebahatika hivyo sehemu ya muda huo.

Haifai, hata hivyo, kuubebesha mwaka huo mzigo usio wake. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na mwanauchumi Donna Ginther, ulioonyesha kwamba watafiti weusi walioomba ruzuku za NIH walikuwa na uwezekano wa kuzipata ulio chini kwa pointi 10 za asilimia kuliko wenzao weupe, hata baada ya elimu, mafunzo na machapisho yao kuzingatiwa. Watu hao walikuwa wamekwisha kupata uzamivu na kuajiriwa. Kumwandaa kijana vizuri ni wajibu, na taasisi zinazompokea nazo zina wajibu wa kujichunguza.

PREP ilikuwa wazi kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pekee. Kijana wa familia ya wakimbizi kutoka Kongo aliyepata ukazi wa kudumu aliweza kuomba, ilhali Mtanzania au Mkenya aliyeko huko kwa viza ya mwanafunzi hakuweza. Mwaka 2025 NIH ilisitisha programu kadhaa za aina hii, PREP ikiwemo, kufuatia sera mpya za serikali ya Marekani dhidi ya mipango inayohusishwa na uanuwai. Baadhi ya vyuo vina nafasi za wahitimu kwa fedha nyingine, na maabara nyingi bado huajiri wasaidizi wa utafiti wenye shahada ya kwanza. Anayefikiria nafasi ya namna hiyo aulize kabla ya kukubali: je, nitapewa mradi wangu mwenyewe au nitaosha vyombo na kuagiza kemikali tu? Nitakutana na msimamizi mara ngapi? Posho inatosha pango la mji huo? Na waliokaa hapa kabla yangu wako wapi sasa?