Kriketi ya kijijini Uingereza: yanayodhaniwa na yalivyo

Shangazi yangu alikuja kunitembelea Kent mwezi wa saba, akitokea Tanga, na Jumapili yake ya kwanza ikaangukia siku ya jua safi. Nikamchukua hadi kiwanjani, ambako kijiji chetu kilikuwa kinacheza kriketi na kijiji cha jirani. Mimi ndiye ninayeandika daftari la mikimbio, yaani pointi za kriketi, basi akaketi nami mezani, kivulini, kikombe cha chai mkononi. Zikapita kama dakika ishirini, akaniinamia: "Mwanangu, hivi mchezo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Ulikuwa umeshaanza, tena tuko ova ya tano, yaani zamu ya tano ya kurusha mipira. Sikumlaumu. Maswali aliyoniuliza mchana ule ni yaleyale ninayoyasikia kwa ndugu na marafiki kila nikitaja kriketi.

Kwamba kriketi huchukua siku tano. Siku tano ni mechi za Test, za mataifa. Kijijini watu wana kazi Jumatatu. Jumamosi ni ligi: kila timu inapewa idadi ya ova, mara nyingi 40, na kila ova ni mipira sita. Jumapili yetu ni ya kirafiki na huchezwa kwa muda. Tunaanza saa nane mchana, tunapumzika kwa chai, na ikifika saa kumi na mbili jioni zinabaki ova 20 za mwisho. Saa moja na ushee tumemaliza, na jua la Julai halijazama.

Kwamba wachezaji wanasimama tu. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu kazi yote ya kriketi imo humo. Nilimwomba shangazi amtazame mtu mmoja, yule mzuiaji wa upande wetu, mmoja wa wanaoudaka mpira ukipigwa, na mpira ausahau kabisa. Mrushaji, anayempelekea mpigaji mpira, alipoanza kukimbia, yule mtu naye akaanza kusogea mbele, hatua tatu nne, magoti yakikunjika, viganja wazi. Mpira ukapigwa kwingine. Akarudi alipokuwa. Mpira uliofuata, vilevile. Wazuiaji wote husogea hivyo kwa pamoja, na ova 40 ni mipira 240. Aliyezubaa kwenye mpira mmoja tu anaweza kuponyokwa na mechi.

Na mpira wenyewe si wa tenisi. Ndani una koki, ile ya vizibo vya chupa, imezungushiwa uzi kwa kukazwa, juu ngozi iliyoshonwa. Uzito wake ni gramu 156 hadi 163, nao ni mgumu. Anayevaa glavu miongoni mwa wanaodaka ni mmoja tu, yule wa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Wengine ni mikono mitupu. Nimeona kidole kikivimba kama ndizi mshale mbele ya macho yangu, na mwenye kidole akaendelea kucheza.

Shangazi akaona jambo jingine: kila mrushaji akiusugua mpira pajani, suruali nyeupe ikiachwa na doa jekundu. Akauliza kama hiyo si hila. Sheria inaruhusu. Upande mmoja wa mpira hung'arishwa, wa pili huachwa ukwaruzike, ili hewa ipite tofauti kila upande na mpira upinde njiani. Jasho halikatazwi. Mate ndiyo yalizuiwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, na tangu Oktoba 2022 yamepigwa marufuku moja kwa moja.

Tena mrushaji harushi kama mtu anayerusha jiwe. Mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko hakiruhusiwi kunyooka hadi mpira utoke. Kupitisha mkono juu ya bega ni jambo lililokubaliwa mwaka 1864 tu. Asili yake mpira ulitolewa chini.

Kwamba ni mchezo wa mabwana. Ushahidi wa zamani zaidi usio na shaka juu ya kriketi umetoka katika kesi ya ardhi. Mwaka 1598, kwa kalenda ya sasa, mzee mmoja aitwaye John Derrick alitoa ushahidi mahakamani kule Guildford, Surrey, kwamba alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walicheza kriketi kwenye kiwanja kilichokuwa kinagombewa. Watoto wa shule, kwenye kipande cha ardhi: ndipo tunapouona mchezo huu kwa mara ya kwanza. Mabwana waliingia baadaye, wakaja na fedha na kamari, na kamari ndiyo iliyohitaji kanuni za maandishi, za mwaka 1744. Hata hivyo, klabu ya kijiji cha Hambledon, Hampshire, ndiyo iliyotawala mchezo kabla klabu ya MCC ya London haijaanzishwa mwaka 1787. Mwaka 1777 Hambledon iliifunga timu ya Uingereza nzima kwa ingizo moja, yaani zamu nzima ya timu kupiga, na mikimbio 168 juu yake.

Siku hizi kwetu anayekata majani ya kiwanja ni fundi bomba. Huja Ijumaa jioni akitoka kazini, akavuta rola juu ya ule ukanda wa mita 20 kati ya wiketi mbili, mbele na nyuma mpaka giza. Halipwi.

Kwamba wanawake wamekaribishwa juzijuzi. Tarehe 26 Julai 1745, wanawake wa Bramley na wa Hambledon, hii ya Surrey, walicheza Gosden Common karibu na Guildford, na gazeti likaandika matokeo. Na Kombe la Dunia la kriketi, la kwanza kabisa, lilikuwa la wanawake, mwaka 1973. Wanaume walifuata 1975.

Kwamba si mchezo wetu. Shangazi alisema Tanga aliuona ukichezwa na Wahindi tu. Lakini katika Kombe hilo la 1975 kulikuwa na timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Katika Kombe la 2003 Kenya iliishinda Sri Lanka pale Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi tano, yaani akiwatoa wapigaji watano, ikafika nusu fainali. Na mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la T20, kriketi ya ova 20 kwa kila timu.

Kwamba mwamuzi wa kijijini lazima apendelee. Hapa pana ukweli kidogo. Mechi ndogo hazina waamuzi wa kukodi; wachezaji wa timu inayopiga hupokezana koti la mwamuzi, wakiwaamulia wenzao. Ila mwamuzi hawezi kumtoa mtu kama wapinzani hawajadai. Hudai kwa sauti, kiwanja kizima kikisikia, naye ajibu papo hapo. Mchana ule nilimwona nahodha wetu akimnyooshea kidole, ishara ya kumtoa, kaka yake mwenyewe wa kuzaliwa, na kaka akaondoka bila neno. Shangazi akashika kifua.

Kwamba sare ni mechi iliyopotea bure. Wageni walikuwa wamefikisha 187. Sisi tulikuwa 128, wiketi tisa zimeanguka, ova moja imebaki. Kushinda hatuwezi tena. Lakini wao ili washinde lazima wamtoe mtu wetu wa mwisho. Muda ukiisha yumo, ni sare, hata kama tuko nyuma kwa mikimbio 59. Aliyebaki kukabili mipira sita ni kijana wa miaka kumi na minne, kofia ya chuma imemzidi kichwa.

Wazuiaji wakamzunguka, wengine umbali wa kumgusa. Mpira wa kwanza akauzuia ukafia miguuni pake. Wa pili. Wa tatu ukapita sentimita chache juu ya vijiti, watu wakaguta. Shangazi alikuwa ameshasimama, kikombe amekiweka juu ya daftari langu. Wa nne, wa tano. Wa sita kijana akautazama mpaka kwenye gongo la kupigia, tap, ukalala kwenye majani. Wageni ndio waliokuwa wa kwanza kumpa mkono.

Mpira usiozaa mkimbio huandikwa nukta. Nikamwonyesha shangazi nukta zile sita, nikaziunganisha kuwa herufi M, alama ya ova isiyo na mkimbio hata mmoja. Kisha mwandishi wa wageni akasogeza daftari lake karibu na langu, tukasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Yalilingana.