Icon of the Seas au MSC World America? Uongo wa nia njema kutoka kundi la ukoo

Kundi letu la WhatsApp la ukoo, nusu wako Mombasa na nusu Houston, shemeji alirusha picha mbili za meli za utalii: Icon of the Seas ya Royal Caribbean, na MSC World America. Zote huanzia Miami na zote huzunguka Karibi kwa siku saba. Chini akaandika, "Chagueni tumalize." Kufika usiku jumbe zilikuwa hazihesabiki, na kila mtu amegeuka nahodha. Mengi yaliyosemwa si kweli, ila yalisemwa kwa uhakika mno hadi nikaona bora niyapitie moja moja kabla hatujalipa.

"Icon ina tani 248,000. Nzito hivyo, haiwezi kutikisika."

Hapa makosa mawili yamepakizana pikipiki moja. Kwanza, tani hizo 248,663 si uzito. Ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli: vyumba, kumbi, jikoni, injini, stoo. Ni kama kuipima nyumba kwa ukubwa wa ndani bila kuyajali matofali. MSC World America ina 216,638. Titanic, ambayo watu wangali wanaitaja kama jitu, ilikuwa na 46,000 na kitu. Yaani Icon inameza Titanic tano na bado ikabaki na njaa.

Pili, kutikisika. Aliyevuka Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi, akaona mifuko ya plastiki ikigawiwa kabla hata ya tiketi kukaguliwa, anaweza kulala usingizi mzuri kwenye meli hizi. Zina mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji kuzuia kuyumba, na urefu wake, mita 365 kwa Icon na 333 kwa MSC, unayapita mawimbi mengi. Lakini bahari ni bahari. Majira ya vimbunga upande ule ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, na meli ndefu kwenda juu hivyo hukamata upepo kama tanga. Mwepesi wa kichefuchefu achukue chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Chumba cha mbele kabisa juu kina mandhari nzuri na ndicho kinachorushwa zaidi.

Upepo huohuo ndio unaoweza kuifanya meli isitie gati mahali ulipopasubiri mwaka mzima. Masharti ya tiketi humruhusu nahodha kuiruka bandari au kubadili njia, na usitegemee kurudishiwa nauli kwa hilo.

"Meli kubwa ni msongamano tu, kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi."

Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na mimi mwenyewe nililiamini. Dawa yake ni kikokotoo cha simu. Gawanya ujazo wa meli kwa idadi ya abiria. Icon ina vyumba 2,805. Wakilala wawiliwawili ni abiria 5,610, na kila mmoja anapata kama 44 katika ule ujazo. MSC World America ina vyumba 2,614, abiria 5,228, kila mmoja 41 na kidogo. Kumbe iliyo kubwa zaidi ndiyo yenye nafasi zaidi kwa kichwa. Wahudumu nao wanalingana: 2,350 kwa Icon na 2,138 kwa MSC, kwa wastani mhudumu mmoja kwa abiria wawili na nusu hivi kwenye meli zote mbili.

Ngoja sasa nikuvurugie hesabu. Vyumba vingi vina kitanda cha tatu na cha nne, kinachokunjuliwa kutoka ukutani au sofa inayogeuzwa. Shule zikifungwa, vitanda hivyo vinajaa watoto. Icon inaruhusiwa kubeba hadi 7,600, MSC hadi 6,762. Gawanya tena: 32.7 na 32. Tofauti imeyeyuka. Kwa hiyo Icon ya Julai na Icon ya wiki ya kwanza ya Desemba ni meli mbili tofauti zenye jina moja, na pengo kati yao ni kubwa kuliko pengo kati ya Icon na MSC. Shemeji alikuwa akilinganisha picha. Angelinganisha tarehe.

"Ukishalipa nauli, umemaliza. Chakula bure, kila kitu bure."

Chakula cha ukumbi mkuu na cha kujipakulia, ndiyo. Chumba, maonyesho ya jioni, mabwawa, na pale Icon mitelezo yote sita ya bustani yake ya maji, ndiyo. Baada ya hapo mita inaanza kusoma. Soda, pombe na kahawa ya maana ni vifurushi. Intaneti ni kifurushi. Migahawa maalumu inalipiwa. Matembezi ya bandarini yanalipiwa. Halafu kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo wengi wetu tunadhani ni hiari kama ya hotelini Nyali. Hukatwa kila siku kwa kila kichwa, mtoto pia. Royal Caribbean imekuwa ikitoza dola 18.50 kwa siku kwa chumba cha kawaida. Watu wanne kwa siku saba ni dola 518, na bado hamjanywa hata Fanta.

Sisemi ni dhuluma. Kwenye meli za MSC wapo vijana wa Kenya, na mhudumu anayekunja taulo kwa umbo la tembo kitandani pako anaweza kuwa mtoto wa jirani. Ninachosema ni kwamba usilinganishe nauli kwa nauli. Andika bei ya kila meli hadi mstari wa mwisho, kwa watu wote, kisha ndipo useme ipi ni rahisi. Kwetu, iliyoonekana rahisi kwenye tangazo ilipanda tulipoongeza intaneti ya watu wanne, kwa sababu vijana wetu bila TikTok huugua.

Visiwa navyo vinaingia kwenye hesabu hii. Kila kampuni ina kisiwa chake huko Bahamas, na watu wanasema "vyote ni mchanga." Havifanani hata kidogo. CocoCay ya Royal Caribbean ni uwanja wa michezo: mabwawa, minara ya mitelezo, hata puto la kukupaisha angani. Chakula cha kawaida na fukwe zimo kwenye nauli, lakini bustani ya mitelezo na ufukwe wa watu wazima vinalipiwa kando, na si bei ya muhogo. Ocean Cay ya MSC ilikuwa machimbo ya mchanga ya viwandani kabla haijasafishwa na kufunguliwa 2019. Hakuna mitelezo, kuna fukwe, maji ya kina kifupi na mnara wa taa. Ukoo wenye watoto wa miaka kumi utanuna. Wazee watashukuru.

"Meli inatoka Miami inarudi Miami, kwa hiyo hujatoka Marekani."

Hili ni la hatari, tafadhali lisome mara mbili. Uvumi umetokana na raia wa Marekani, ambao kwa safari za namna hii huruhusiwa kupanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Wewe mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Kongo si huyo. Meli ikitia nanga Bahamas, Meksiko au Honduras, umetoka nchi. Anayekuja kutembea, kama mama yetu, awe na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, na akague masharti ya kila bandari iliyo kwenye ratiba. Meksiko humpokea bila viza yake mwenye viza hai ya Marekani au ukaazi wa kudumu. Nchi nyingine zina sheria zao. Hapo unaweza kukuta kilichoamua meli ni orodha ya bandari, si bwawa.

Na ndugu zetu wanaosubiri kesi ya hifadhi ya ukimbizi Marekani: ukitoka bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema, unaweza kuhesabiwa umeitupa kesi yako mwenyewe. Zungumza na wakili kwanza. Hakuna bwawa lenye thamani hiyo.

"Meli ni ya Wamarekani, ile nyingine ya Waitalia."

Icon ilijengwa Turku, Finland, inapeperusha bendera ya Bahamas, na kampuni yake yenye ofisi kuu Miami imesajiliwa Liberia. Ndiyo, Liberia yetu hii ya Afrika Magharibi. MSC World America ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, bendera ni ya Malta, makao makuu Geneva. Ukoo wetu na asili zake zote haujawahi kuchanganyika hivyo.

"Zinatumia gesi, hazichafui."

Zote mbili huendeshwa kwa gesi asilia, jamaa ya ile ya Songosongo na Mnazi Bay, iliyopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika. Moshi wake ni safi kuliko wa mafuta mazito, masizi na salfa hupungua mno. Lakini sehemu ya methani hupita kwenye injini bila kuungua, na methani hupasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuichagua moja na kuiacha nyingine.

"Huko watu hutapika na kuharisha meli nzima."

Hutokea, kirusi cha noro kinapenda mahali penye watu wengi na vijiko vya kushirikiana. Ila meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, bila taarifa na hupewa alama kati ya 100. 85 kushuka chini ni kufeli. Alama hizo ziko wazi kwa umma, kwa jina la meli. Ukishapanda, nawa kwa sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi haikiwezi vizuri kirusi hicho.

"Roshani ni roshani."

Shemeji alikuwa ameshapata chumba cha roshani kwenye Icon kwa bei iliyotushangaza, akataka tulipe usiku uleule. Tukafungua ramani ya sitaha. Roshani ilikuwa inatazama ndani, juu ya bustani iliyo katikati ya meli, yenye miti ya kweli na wapita njia. MSC nayo inazo za hivyo, zinazotazama barabara ya maduka. Ni vyumba vizuri, na jioni vinachangamka. Mama akasikiliza maelezo kwenye simu mpaka mwisho, akauliza bahari iko upande gani. Shemeji akajibu haionekani, ila kuna miti.

"Miti ninayo Kisauni," mama akasema, akakata simu.