Ati zamani wote waliimba laivu? Ami, hapo umeteleza

Juzi tuko Lighthouse hapa Mombasa twala mhogo wa kuchoma na pilipili ndimu, maneno yote ni ya msanii mmoja aliyepiga shoo hapa mjini wikendi, CD yaimba yenyewe yeye arusha mikono tu. Ami mmoja akadakia: "Nyinyi vijana mwaibiwa pesa zenu, enzi zetu wale wa Top of the Pops, ile shoo ya muziki ya TV ya Uingereza, waliimba kweli, hakuna pleibeki."

Ami, heshima yako iko palepale, lakini wapi!

Shoo hiyo BBC waliianza tarehe 1 Januari 1964 kule Manchester, ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa studio, na siku hiyo ya kwanza walikuwepo Dusty Springfield na Rolling Stones. Laivu ilikuwa laivu, kwa maana picha yaenda hewani papo hapo. Sauti sasa? Santuri ileile ya dukani! Na wala hawakuficha, miaka hiyo ya mwanzo kulikuwa na msichana kaketi na mashine ya santuri, kamera yamuonyesha aiweka sahani, ndo wasanii waanze kuchezesha midomo.

Kuna na wale wadhanio ilikuwa hivyo hivyo mpaka mwisho, nao pia wamekosea. Mwaka 1966 chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikataa, maana santuri ikipigwa mpiga ala hapati riziki, basi ikawa ama upige na okestra ya studio ama urekodi upya muziki wa shoo. Halafu 1991 likaja sharti la kuimba kwa sauti yako mwenyewe, ala ziko kwenye tepu. Bendi ya Nirvana ya Marekani walipokuja Novemba mwaka huo mwimbaji wao Kurt Cobain akaimba kwa sauti nzito kama mtu aliyeamshwa daku, gitaa alipapasa tu. Hakuwa mgonjwa jamani, alikuwa awakejeli wenye shoo.

Eti pleibeki haina presha, huwezi kuharibu? Waulize bendi ya All About Eve. Agosti 1988, wako laivu, wimbo wasikika majumbani lakini mle studio spika ziko kimya, dada wa watu kaketi kwenye stuli angoja muziki uanze, nchi nzima yamtazama mdomo umefungwa na sauti yake yaimba. Mimi ningehama mji. Wiki iliyofuata wakaitwa tena.

Shoo ya kila wiki ilifungwa tarehe 30 Julai 2006, ingawa zile za Krismasi ziliendelea baadaye.

La mwisho, watu huamini BBC wanazo shoo zote kabatini. Hawana! Tepu zilikuwa ghali, wakawa wafuta na kurekodi juu yake, za miaka ya sitini karibu zote zimepotea. Ile aliyopiga msanii David Bowie Januari 1973 iliaminika imekwenda, mpaka 2011 ikajulikana kamerameni John Henshall alijiwekea nakala miaka yote hiyo.

Nilipofika hapo ami akanyamaza, akachovya mhogo. Maana kwao kuna kanda ya VHS ya harusi ya dadake, taarab usiku kucha, wamama watunza, na anajua vizuri ni nani aliyerekodi mpira juu yake.