Joto hili si malaria: kukoma kwa hedhi bila kumaliza akiba yako

Mama mmoja anayeuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni hapa Busia, Uganda, aliketi mbele yangu, akafungua kaveera, kimfuko cha plastiki, na kumwaga vilivyomo mezani. Yalitoka maganda matatu matupu ya dawa ya malaria, vidonge vinne vya antibayotiki vilivyobaki, na kichupa cha unga wa majani alichouziwa kwenye stendi ya taksi na mtu aliyemwambia kwamba unasafisha damu. Kando ya hayo akaweka lile daftari la shule tunaloandikia matibabu kwenye vituo vyetu. Akaniambia, kwa jina tunaloitwa wahudumu wa afya hapa, "Musawo, malaria yangu haisikii dawa."

Nikalifungua daftari. Alikuwa amepimwa malaria mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa hasi. Dozi ya tatu alipewa dukani bila hata kuchomwa kidole. Nikamwuliza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza: mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini? Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Kabla mjukuu hajazaliwa." Mjukuu mwenyewe alikuwa nje ya mlango mgongoni mwa mama yake, tayari ana meno manne.

Kisa hiki nakiona mara nyingi mno, na kinaniuma. Mwanamke asiye na fedha za kuchezea anatoa akiba yake kwenye chama cha kuweka na kukopa kutibu ugonjwa asiokuwa nao, huku shida yenyewe ikibaki palepale. Kwa hiyo unapotaka kubana matumizi katika kipindi hiki, jambo la kwanza ni kujua kinachokusumbua kabla hujanunua chochote.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunasema hedhi imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, ilimradi hakuna sababu nyingine kama mimba au sindano ya uzazi wa mpango. Lakini usumbufu huanza mapema, wakati siku bado zinakuja kwa kurukaruka: leo nyingi, mwezi ujao hakuna, halafu mara mbili kwa mwezi. Kinachopungua ni homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari. Inapopungua, sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili inakuwa kama mbwa mlinzi anayebwekea hata jani likianguka. Joto dogo tu, na mwili mzima unaamrishwa ujipoze: damu inakimbilia kwenye ngozi, moyo unadunda, jasho linamwagika, kisha baridi inakuingia.

Sasa tuilinganishe na malaria. Joto la komahedhi huanza kifuani, likapanda shingoni na usoni, na mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Likipita, mama anaendelea na kazi yake. Ukimpima kwa kipimajoto hukuti homa. Malaria huleta homa yenyewe, kichwa na viungo kuuma, uchovu, pengine na kutapika. Hata hivyo Uganda ni nchi yenye malaria nyingi, na sitaki mtu asome hapa kisha adharau homa. Pima! Kipimo cha haraka kinapatikana bila malipo katika vituo vya serikali, na katika vijiji vingi hata wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wanacho. Jibu likiwa hasi, usinunue dawa ya malaria "kwa usalama". Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, omba upimwe kifua kikuu, nacho hupimwa na kutibiwa bure. Kipimo cha VVU ni bure vilevile.

Kuna gharama nyingine ningependa uiepuke. Mwanamke wa zaidi ya miaka 45 ambaye siku zake zinarukaruka na anapata joto hilo kwa kawaida hahitaji kupimwa homoni. Homoni zenyewe zinapanda na kushuka kila siku, kwa hiyo karatasi ya leo haikuambii ya kesho. Umri wako na maelezo yako vinatosha. Kipimo kinachokufaa zaidi ni cha presha, maana baada ya hedhi kukoma hatari ya magonjwa ya moyo huongezeka, na kupima presha kituoni huchukua dakika mbili.

Daftari lile ndilo chombo cha bei rahisi kuliko vyote. Andika siku za hedhi. Andika joto lilikuja saa ngapi, ulikuwa umekula au kunywa nini, na uliamka mara ngapi usiku. Baada ya wiki chache utaanza kuona kinacholichokoza. Kwa mmoja ni chai ya moto, kwa mwingine pilipili, kwa mwingine waragi, ile pombe kali. Kuna wanaochokozwa na hasira tu za nyumbani. Acha kile kinachokuchokoza wewe, usiache kila kitu kwa sababu jirani ameacha.

Mavazi nayo yana neno. Namfikiria mama aliyevaa gomesi kwenye shughuli ya kwanjula, yaani ya kutambulishana kabla ya ndoa: kitambaa cha nailoni kinachong'aa, kikoyi kizito ndani, mshipi umekazwa kiunoni, hema limejaa watu saa nane mchana. Joto likimpanda hapo anadhani anakufa. Shona gomesi ya pamba, hata kama haing'ai, uombe kikoyi chepesi, na ukae ukingoni mwa hema. Usiku tumia shuka na leso za pamba badala ya blanketi la nailoni, weka beseni la maji na kitambaa karibu, na ulale ndani ya chandarua ili uweze kufungua dirisha bila kuogopa mbu. Haya hayapunguzi idadi ya mawimbi ya joto, nisikudanganye, ila yanakurudishia usingizi. Na mwanamke aliyelala vizuri hana hasira za yule asiyelala.

Chakula cha kulinda mifupa tunacho, tena karibu. Estrojeni ikipungua mifupa hupoteza madini haraka, hasa miaka ya mwanzo. Mukene huliwa mzima na mifupa yake, na ndiyo yenye kalsiamu tunayoitafuta. Mama huyu alikuwa anauza dawa asiyoila. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, siyo waliotandazwa chini, maana wale wana mchanga. Ongeza simsim, maharage, mboga za majani kama dodo na nakati, na maziwa ukiyapata. Uji wa soya ni mzuri kwa protini. Wapo wanaosema unapunguza joto, lakini ushahidi wake haujatulia, kwa hiyo unywe kama chakula tu. Anayeketi sokoni kutwa nzima atembee kwa haraka nusu saa kwa siku: mifupa hupenda kubebeshwa uzito.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona, nami nalisema wazi. Uke hukauka, tendo la ndoa linauma, mkojo unachoma. Wengi wanaingiza majani, unga au sabuni ndani. Tafadhali acheni. Vitu hivyo vinachubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba na kufungua mlango kwa maambukizi. Osha nje tu, kwa maji. Kilainishi cha maji hununuliwa famasi na hakiharibu kondomu. Mafuta ya kupikia na ya kujipaka yanapasua kondomu za mpira. Mkojo ukichoma, upimwe kabla ya antibayotiki, kwa sababu mara nyingine ni ukavu tu. Baba nyumbani naye aambiwe, asije akadhani amechukiwa.

Vipi kuhusu dawa? Dawa ya homoni ndiyo inayofanya kazi kuliko zote kwa joto kali, na kwa wanawake wengi wenye afya walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida zake huzidi hatari. Haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata damu kuganda mishipani, au mwenye ini bovu. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima iandamane na projesteroni au dawa ya jamii yake ili kulinda ukuta wa kizazi. Mara nyingi utahitaji kufika hospitali ya rufaa. Ukiandikiwa, uliza kama ipo ya jina la kawaida lisilo la kampuni, kwa sababu bei hutofautiana sana. Kwa asiyeweza kutumia homoni, daktari ana dawa nyingine za kuchagua, baadhi zikiwa zile zinazotumika kwa sonona, kwa dozi ndogo. Usiazime vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yako. Si dawa ile, na katika umri huu vinaweza kugandisha damu.

Mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari, asiambiwe avumilie. Huyo anahitaji daktari ili alindwe mifupa na moyo, na kwake ndipo ningesema fedha zikitafutwa kwa shida zina maana.

Na hili usilipitie haraka: damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, njoo. Usingoje siku ya soko ipite. Mara nyingi si saratani, lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi hujitangaza hivyohivyo, na ikionwa mapema matibabu yake huwa mepesi. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kupaka siki unafanyika katika vituo vingi vya serikali, ambako ada za matibabu zilifutwa mwaka 2001. Mimba nayo bado inawezekana siku zikirukaruka. Kwa aliyefikisha miaka 50 endelea na uzazi wa mpango mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Chini ya hapo, miaka miwili.

Mama wa mukene alirudi baada ya wiki sita. Hajui kuandika, kwa hiyo alikuwa amechora vistari: kirefu kwa joto la mchana, kifupi kwa la usiku. Tulipovihesabu pamoja, vifupi vilikuwa vimejazana siku za soko, zile anazorudi nyumbani saa tatu usiku na kunywa vikombe viwili vya chai ya moto ndipo alale. Tukaanzia hapo.