Zuhali apandishwe kizimbani?

Juni 2013 nilikuwa Pune nikisomea sheria ya mazingira, nimepanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu niliyemwita Kaka. Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo. Mimi nilidhani namwita ndugu mkubwa, yeye akasikia anaitwa na mtoto wa ndugu yake, na tukaishi vizuri hivyo hivyo. Sebuleni kwake ilining'inia kalenda ya panchang, yaani ya mambo matano: siku ya juma, tithi ambayo ni siku ya mwezi, nakshatra au kituo cha mwezi, kisha yoga na karana ambazo ni hesabu za jua na mwezi. Kaka hakununua hata feni bila kuitazama.

Usiku ule televisheni ilipoanza kuonyesha mafuriko ya Kedarnath, mji wa mahujaji katika milima ya kaskazini mwa India, hakukaa. Alikwenda kwanza ukutani. "Shani na Rahu wako pamoja Tula," akasema, kwa sauti ya daktari anayesoma picha ya eksirei. Kwa majina yetu ya falaki, Shani ni sayari Zuhali na Tula ni buruji ya Mizani: Zuhali alikuwa Mizani. Rahu si sayari ya kuonekana. Ni mahali ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua ikielekea kaskazini. Na kweli walikuwa pamoja. Yeyote anaweza kuirudia hesabu hiyo leo kwa programu ya simu, mradi akumbuke kwamba unajimu wa Kihindi hupima buruji kwa nyota zenyewe na si kwa majira, hivyo unapishana na ule wa kurasa za magazeti kwa nyuzi 24 hivi.

Nikamuuliza swali la mwanafunzi wa sheria: kama ni Shani, nani atawalipa waliopoteza nyumba?

Akanitazama kwa huruma. "Shani ni hakimu. Umeona wapi hakimu akilipa faini?"

Nafundisha dhima ya mazingira miaka kadhaa sasa, na bado sijapata mwanzo wa somo ulio bora kuliko jibu lile. Wengi hudhani unajimu ni njia ya kumvua binadamu lawama: nyota imesababisha, mjadala umefungwa. Vitabu vya fani yenyewe havisemi hivyo. (Kama unauliza kwa nini mwanasheria ahangaike na vitabu hivyo: mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India ilitupa ombi la kupinga kozi za unajimu katika vyuo vikuu. Sikubaliani nayo, lakini ukifanya kazi na sheria za nchi ile, lazima ujue watu wanasoma nini.)

Chukua Brihat Samhita, kitabu cha mnajimu wa Kihindi Varahamihira, cha karne ya 6. Humo kuna kila kitu, kuanzia kupatwa kwa jua hadi vito na ujenzi wa nyumba, na kuna sura za mvua ambazo mimi nazipenda kuliko zote. Mvua humo hubebwa kama mimba. Mawingu ya namna fulani, upepo wa namna fulani, duara la mwanga kuuzunguka mwezi: vikionekana siku ambayo mwezi uko katika nakshatra fulani, basi mimba imetunga, na mvua itazaliwa siku ya 195. Mnajimu anatakiwa aitazame anga usiku na mchana, asiache. Hesabu ya siku 195 siitetei. Ninachokiona ni mtu mwenye daftari, anayekusanya ishara na kungoja zimjibu.

Halafu inakuja sura ya utpata, mambo yanayokwenda kinyume cha maumbile. Varahamihira anayagawa mafungu matatu, ya mbinguni, ya angani na ya ardhini, na mwanzoni kabisa anaeleza yanakotoka: maovu ya watu hulimbikizana, maafa hufuata, na ishara huyatangaza. Tendo la mtu limetangulia, nyota imekuja nyuma yake. Nyota ni mpiga mbiu. Aliyeiba mbuzi hawezi kujitetea kwamba mpiga mbiu ndiye aliyeleta wizi kijijini.

Imani ya mitaani imekwenda mbele zaidi, ikampa Shani cheo cha mgawaji wa matunda ya matendo. Ile sade sati wanayoiogopa, miaka saba na nusu, ni muda ambao Zuhali hupita buruji iliyotangulia ya mwezi wako wa kuzaliwa, kisha hiyo yenyewe, kisha inayofuata. Sayari hiyo hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo kila buruji huichukua miaka miwili na nusu. Watu humwogopa Shani kama tunavyoogopa samansi ya mahakama, hata tusiokuwa na kosa.

Sasa turudi mtoni. Kwenye mto Alaknanda, jimbo la Uttarakhand, karibu na mji wa Srinagar (si ule wa Kashmir), lilikuwapo hekalu la mungu wa kike Dhari Devi. Wenyeji humwona mlinzi wa mahujaji wanaopanda Kedarnath na Badrinath. Mradi wa umeme wa maji wa megawati 330 ulikuwa ukijengwa hapo, na bwawa lake lingelimeza hekalu. Jioni ya tarehe 16 Juni 2013, maji yakipanda, sanamu iliondolewa mahali pake ikawekwa kwenye jukwaa lililoinuliwa. Jioni hiyo hiyo gharika ya kwanza iliipiga Kedarnath, na asubuhi yake ziwa la Chorabari, lililokuwa juu ya mji huo nyuma ya ukingo wa mawe yaliyoachwa na barafu, likapasuka. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Kilichosemwa baada ya hapo unaweza kukibashiri: Mama amekasirika. Hoja hiyo ina tatizo la saa, kwa sababu mvua kubwa ilikuwa ikinyesha tangu tarehe 15, sanamu ikiwa bado mahali pake. Monsuni ilikwisha kuifunika India nzima kufikia tarehe 16 Juni, mwezi mzima kabla ya desturi yake. Ni jamaa wa karibu wa kusi yetu, upepo ule ule unaovuka Ikweta, ukapinda mbele ya Somalia na kwenda kuinyeshea India. Mwaka ule ulifika mapema na kukutana milimani na mfumo wa hewa uliotoka magharibi. Kituo cha watafiti karibu na barafu ya Chorabari kilipima zaidi ya milimita 300 kwa saa 24.

Hata hivyo sikuwahi kuwacheka waliosema Mama amekasirika. Ondoa hasira ya mungu, utabaki na madai ya kawaida kabisa ya kisheria: mradi huu umefanya kosa hapa mtoni. Na kosa lilikuwapo, ila ushahidi wake ulikuwa mwingine. Kifusi kilichochimbwa wakati wa ujenzi kilirundikwa kandokando ya mto bila kinga ya kutosha. Mafuriko yakakizoa na kukimwaga Srinagar, nyumba zikajaa mchanga na matope. Wakazi wakaungana, wakaenda mahakama maalumu ya mazingira, ile inayoitwa NGT. Kampuni ikajitetea kwa hoja kongwe kuliko zote: ni kazi ya Mungu.

Sisi msibani husema kazi ya Mungu haina makosa, na anayesikia hufarijika. Wakili wa kampuni anasema maneno hayo hayo akiwa na maana kwamba kwa kuwa hakuna kosa, hakuna malipo. Utetezi huo tumeurithi sote kwa Waingereza, India kwa Kenya na Tanzania, pamoja na kanuni ya kesi ya Rylands na Fletcher ya mwaka 1868: ukiweka kwako kitu cha hatari kikatoroka na kudhuru, unawajibika, isipokuwa kama kilichokitorosha ni nguvu isiyo ya binadamu na isiyotazamiwa. India ilifunga mlango huo. Desemba 1986, mwaka mmoja baada ya gesi kuvuja katika kiwanda cha Delhi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayeendesha shughuli ya hatari anabeba dhima kamili, bila kisingizio hata kimoja. Sheria ya NGT ya 2010 nayo ikaweka dhima isiyongoja kuthibitishwa kwa kosa. Kwa hiyo mwaka 2016 mahakama hiyo ilikataa kazi ya Mungu na kuamuru wakazi walipwe rupia zaidi ya milioni 92. Mvua ilitoka mbinguni, sawa, lakini kifusi kililetwa kwa malori.

Nikisoma hukumu ile huwa namkumbuka Varahamihira, ingawa sidhani kama majaji walimfikiria. Naye angeuliza mtu gani amefanya nini kabla ya kuuliza sayari ziko wapi.

Lakini hapo ndipo wanafunzi wangu hunibana, na wana haki. Kifusi kina mwenyewe. Mvua je? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo sehemu ya mvua kubwa za siku hizi ina wenyewe pia, waliotawanyika dunia nzima na wengi wao wamekwisha kufa. Unajimu wa Kihindi una msamiati wa jambo hili. Matendo yote yaliyolimbikizwa huitwa sanchita. Fungu lililokwisha kuiva na linaloliwa sasa ni prarabdha. Yanayotendwa leo ni kriyamana. Kabonidayoksaidi ni sanchita kwelikweli, maana sehemu yake kubwa hukaa angani kwa karne nyingi. Karibu robo ya yote iliyotolewa tangu enzi ya viwanda ilitoka Marekani. India, pamoja na wingi wa watu wake, haifiki hata asilimia nne.

Msamiati unafaa, hesabu haifai. Katika karma kila mtu hula tunda la mti wake: mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika tabianchi aliyechimba yuko ng'ambo ya bahari na anayeingia ni mwanamke wa Garhwal, milima ile ile ya Kedarnath, asiye na hata pikipiki. Ukishikilia karma hapo, utalazimika kusema mwanamke yule alistahili. Wapo wanaosema hivyo, kwa upole na tabasamu, na hapo ndipo huwa naachana nao.

Jambo hili liliwahi kugombanisha watu wakubwa. Januari 15, 1934, tetemeko liliivunja Bihar, jimbo la India, na kuua watu zaidi ya 10,000. Gandhi akasema ni adhabu kwa dhambi ya kuwatenga watu wa tabaka la chini. Mshairi Tagore, aliyeichukia dhambi hiyo vilevile, akampinga waziwazi, na Gandhi akayachapisha maneno ya mpinzani wake katika gazeti lake mwenyewe. Tagore alionya kwamba hoja ya namna ile inawafaa zaidi wapinzani wa Gandhi: nao wangeweza kulitwika tetemeko lile kichwani kwake na wafuasi wake. Mimi niko na Tagore. Lawama isiyo na mnyororo wa ushahidi hutua popote anapotaka mwenye sauti kubwa.

Sheria ya kimataifa imekuwa ikiukwepa mnyororo huo kwa makusudi. Mkataba wa Paris wa tabianchi una ibara ya 8 juu ya hasara na uharibifu, lakini aya ya 51 ya uamuzi ulioupitisha mwaka 2015 inasema ibara hiyo si msingi wa dhima wala fidia. Mfuko wa hasara hizo uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka uliofuata umefungwa kwa kamba hiyo hiyo. Ahadi za mwanzo Dubai zilikuwa kama dola milioni 700. Hasara na uharibifu wa mafuriko ya Pakistan ya 2022 peke yake ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 30. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilitoa maoni kwamba nchi inayovunja wajibu wake wa tabianchi inaweza kudaiwa fidia kamili, uhusiano kati ya kosa na madhara ukithibitishwa. Ni maoni ya ushauri tu, lakini yamelirudisha mezani neno lililokuwa limefichwa.

Waislamu wa pwani wataielewa tofauti hii upesi. Sadaka unatoa kwa hiari na hakuna anayekuuliza umekosa nini. Kafara ya aliyevunja kiapo ina kosa lake na ina kipimo chake. Wahindi nao wana dana, sadaka yao, kisha wana prayashchitta, malipizi ya dhambi inayojulikana kwa jina. Kila Jumamosi Kaka alibeba mafuta ya ufuta na choroko nyeusi kwenda hekalu la Shani. Hiyo ni dana, ya kumtuliza hakimu.

Baada ya Dubai nilimpigia Kaka simu. Masikio yamepungua, ikabidi nieleze mara mbili habari za mfuko. Akauliza, "Wameandika wanalipia kosa gani?" Nikamwambia wameandika kwamba hawalipii kosa lolote. Akanyamaza kidogo.

"Basi ni mafuta ya Jumamosi," akasema, kisha akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha.