Sekta kwa sekta: maana ya kunakili diski inayokufa kabla ya kuokoa mafaili

Dada mmoja anayepiga picha za harusi aliniletea eksteno yake, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, ya TB 1 ikiwa imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa imedondoka kutoka mezani huku inafanya kazi. Kila akiichomeka, kompyuta inamwambia diski haijafomatiwa, je, aifomati? Nikamuuliza, "Dada, umeichomeka mara ngapi tangu ianguke?" Akajibu, "Kaka, nimeacha kuhesabu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike haya, maana wengi hudhani kuokoa mafaili ni kuhangaika na diski hadi ikubali. Hatua ya kwanza ni nyingine kabisa. Huitwa kunakili sekta kwa sekta, na mafundi wengi husema tu kukloni. Maana yake ni kuichota diski nzima kama ilivyo, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuiweka kwenye diski nyingine iliyo salama. Huangalii faili gani liko wapi. Folda, majina, nafasi tupu, hata vitu vilivyofutwa, vyote vinachukuliwa pamoja. Mafaili utayatafuta baadaye, ndani ya ile nakala, wakati diski mbovu imeshachomolewa na kupumzishwa.

Sekta ni kile kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma au kuandika kwa mara moja. Diski ya TB 1 ina sekta karibu bilioni 2 za baiti 512 kila moja. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika kwenye eksteno nyingi ndogo, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Diski ikianguka inapozunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwangua. Unga unaotoka hapo hukwaruza sehemu nyingine, na kichwa chenyewe huchakaa. Ndiyo maana diski iliyosoma vizuri asubuhi inaweza kunyamaza jioni. Muda wa kusoma iliobaki nao ni mchache, na kila unapoiwasha unautumia.

Sasa tazama kinachotokea ukikopi na kupesti kwa kawaida. Kompyuta inafuata faili mojamoja, na vipande vya faili moja vinaweza kutawanyika sehemu nyingi, kwa hiyo kichwa kinarukaruka. Kikifika kwenye sekta mbovu, diski inajaribu kuisoma tena na tena kwa sekunde nyingi. Dirisha linaganda, kopi inakatika, nawe unaanza upya, na kichwa kinarudi kusugua palepale penye jeraha huku mafaili mazima yaliyoko mbele yakiwa bado hayajaguswa.

Programu ya GNU ddrescue iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz hufanya kinyume cha hayo, na ni ya bure. Mzunguko wa kwanza huchukua sehemu rahisi tu. Ikikuta pagumu inaruka na kusonga mbele, na pale iliporuka inapaandika kwenye faili dogo la ramani. Sehemu kubwa iliyo nzima ikishakuwa salama ndipo inaporudi kwenye mashimo, ikiyapunguza kutoka pande zote mbili, kisha kuokoteza sekta mojamoja. Umeme ukikatika hupotezi kitu: ukiipa ramani ileile inaendelea ilipoishia, hata kesho kutwa. Kwenye Linux, mzunguko wa kwanza huandikwa hivi:

ddrescue -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Hiyo -n huiambia iache kwanza kuokoteza sekta mojamoja. Diski mbovu inatangulia, nakala inafuata, ramani mwisho. Hiyo sdb ni mfano. Hakikisha jina la diski yako kwa kuangalia ukubwa wake, hakikisha mara mbili, kwa sababu kugeuza mpangilio kunaweza kukufutia kile kile unachokiokoa. Diski ya kupokea iwe na nafasi kuizidi ile mbovu yote, hata kama mafaili yako ni GB 200 tu. Isiwe FAT32, kwa kuwa FAT32 haibebi faili linalofika GB 4.

Kuna mashauri mawili ninayoyasikia kila mara na yananiuma. La kwanza ni kuendesha chkdsk ya Windows ili irekebishe diski. Programu hiyo kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa mafaili ili diski itumike tena, na hufanya hivyo kwa kuandika juu ya diski yenyewe. Kwenye diski inayokufa unaweza kuishia na folda la FOUND.000 lililojaa vipande vya CHK visivyo na majina. La pili ni kuiweka kwenye friza. Ikitoka kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji juu ya sahani, na hapo umeongeza tatizo jingine.

Kabla ya yote, badilisha waya na tundu la USB. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Wapo pia wanaofungua kasha ili waunge diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Hilo husaidia ikiwa kilichokufa ni saketi ya kasha peke yake, lakini eksteno nyingine saketi hiyo ndiyo inayofunga data kwa siri, na ukiitoa saketi hiyo, diski itaonekana kama haina kitu.

Ukisikia tik, tik, tik ya mfululizo, au mota haizunguki, zima na usiiwashe tena. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilishia, na gharama yake si ndogo.

Ya yule dada haikuwa inagonga. Niliiacha ikinakili usiku kucha, halafu siku mbili zaidi kwa yale mashimo. Nakala ilipokamilika, tuliitumia programu ya PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo hutambua picha kwa alama zake za mwanzo hata kama majina yamepotea. Sekta zisizosomeka hubaki sufuri ndani ya nakala, na picha iliyoangukia hapo huonyesha ukweli huo wazi. Moja ilifunguka na sura ya bibi harusi, shela na maua ya kichwani. Kuanzia mabegani kushuka chini ni kijivu kitupu. Dada aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba niihifadhi na hiyo pia.